Chini ya bahari hakuna samaki, kuna mkataba

Kimya kirefu kina mshindo, ila safari hii mshindo wenyewe umeanzia kwenye ubishi wa ofisini.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa dawati la michezo aliingia chumba cha habari na simu yake mkononi, akatuonyesha video. Treni inapita chini ya bahari, vioo kila upande, samaki wanawachungulia abiria. "Wenzetu wako mbali jamani," akasema. Mzee wetu mmoja wa dawati la habari za nje akamwambia hiyo video imetengenezwa kwenye kompyuta. Ligi ikaanza. Nusu ya ofisi upande huu, nusu upande ule, na mhariri anauliza habari za ukurasa wa tatu ziko wapi.

Mimi nilicheka tu, maana na mimi niliwahi kuwa kama huyo kijana. Mwaka 2023 nilipata bahati ya kwenda London kwa mafunzo ya wiki tatu. Wikiendi moja nikakata tiketi ya Eurostar kwenda Paris, na nikahakikisha nimepata siti ya dirishani. Sababu? Samaki! Nilijua kwa akili kwamba siwezi kuona samaki, lakini moyo una mambo yake. Treni ilipozama gizani nikabandika uso kwenye kioo. Nikajiona mwenyewe. Giza, sura yangu, na dakika kama 20 za masikio kuziba. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu hakuinua hata jicho kwenye kitabu chake. Halafu mwanga ukarudi, mashamba yakaonekana, simu ikatetemeka: karibu Ufaransa.

Kwa hiyo nimekata tamaa ya samaki. Lakini kuna kitu kingine nilikiona safari ile, na ndicho kimenifanya niandike leo.

Kwanza tuweke takwimu mezani, maana bila takwimu tutarudi kwenye ligi ya ofisini. Handaki la Channel lina urefu wa kilomita 50.45, na kati ya hizo kama 38 ziko chini ya bahari. Halielei majini wala halijalala juu ya mchanga wa bahari. Limechimbwa ndani ya mwamba wa chaki chini ya sakafu ya bahari, na mahali pa chini kabisa ni mita 75 chini ya sakafu hiyo. Kwa kweli si handaki moja, ni matatu: mawili ya treni, la kwenda na la kurudi, na jembamba katikati kwa ajili ya mafundi na uokoaji. Kazi ilipopamba moto watu wapatao 13,000 walikuwa kazini. Wafanyakazi 10 walipoteza maisha. Udongo uliotolewa upande wa Uingereza ulimwagwa chini ya majabali karibu na Dover, na leo ni bustani ya mapumziko inayoitwa Samphire Hoe. Wajapani nao wana lao, Seikan, lililofunguliwa mwaka 1988 lenye kilomita karibu 54, ila lile linaunganisha visiwa viwili vya nchi moja. La Channel linaunganisha nchi mbili zilizopigana vita kwa mamia ya miaka. Hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa hebu jiulize: ni nini kilichelewesha handaki hili? Wengi tutasema teknolojia. Hapana. Mwaka 1802 mhandisi Mfaransa Albert Mathieu-Favier alipendekeza handaki la magari ya farasi, likiwa na taa za mafuta na mabomba ya kuvuta hewa yakichomoza juu ya maji. Tuseme huyo alikuwa anaota. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1880 mashine zilikuwepo na kazi ilianza kweli. Kila upande ulichimba zaidi ya kilomita moja na nusu. Kazi ikasimamishwa mwaka 1882. Mwamba haukuwa tatizo. Majenerali wa Uingereza, wakiongozwa na Garnet Wolseley, walisema handaki litakuwa mlango wa adui, kwamba siku moja askari wa Kifaransa watatokeza upande wa pili wamejificha kwenye mabehewa. Uoga ukashinda. Mashimo yakabaki mashimo.

Wakajaribu tena miaka ya 1970. Januari 1975 serikali ya Uingereza ikajitoa, safari hii kwa sababu ya gharama. Mpaka Februari 1986, Margaret Thatcher na François Mitterrand, watu wawili ambao kwa siasa zao hawakuwa hata na chembe ya kufanana, wakakutana Canterbury na mkataba ukatiwa saini. Uchimbaji ukaanza mwishoni mwa 1987. Tarehe 1 Desemba 1990 wachimbaji wa pande mbili wakakutana chini ya bahari, mstari ukiwa umepishana kwa chini ya nusu mita. Wakapeana mikono kupitia tundu. Mei 6, 1994 Malkia Elizabeth na Mitterrand wakazindua.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Kutoka shimo lililoachwa 1882 hadi mkataba wa 1986 ni miaka 104. Kutoka mkataba hadi uzinduzi ni miaka minane. Miaka 104 ya kusitasita, miaka minane ya kazi. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi nikiangalia hesabu hiyo naona kilichokuwa kigumu kutoboa si mwamba.

Turudi London, stesheni ya St Pancras. Nilipopita kwenye geti la tiketi na mashine ya kukagua mizigo, nikakutana na kibanda cha polisi. Nikatoa pasipoti. Yule askari akaiangalia viza yangu ya Schengen, akagonga muhuri. Nikautazama: Ufaransa! Niko London, juu ya ardhi ya Malkia kama tulivyozoea kusema (sasa ni ya Mfalme), na askari wa Kifaransa aliyevaa sare za kwao ameshaniingiza nchini kwake. Nilipofika Paris hakuna aliyeniuliza kitu. Nilishuka nikatembea kama nimeshuka Morogoro. Wakati wa kurudi ikawa kinyume chake: maofisa wa Uingereza wamekaa ndani ya stesheni ya Gare du Nord, Paris, wanakagua watu wanaokwenda kwao.

Huo utaratibu haukushuka kutoka mbinguni. Una karatasi zake. Itifaki ya Sangatte ya mwaka 1991 iliruhusu kila nchi kuweka maofisa wake kwenye ardhi ya mwenzake, na nyongeza ya mwaka 2000 ikagusa stesheni. Fikiria uzito wa jambo hilo. Nchi yenye kiburi cha Uingereza inakubali polisi wa Ufaransa wafanye kazi katikati ya London! Wajukuu wa Wolseley wamemruhusu Mfaransa aingie hadi stesheni, tena na muhuri wake.

Na pale karatasi inapokosekana, reli peke yake haikufikishi. Mifano ninayo.

Aprili 2018 Eurostar walianza treni za kutoka London moja kwa moja hadi Amsterdam. Kwenda, unakaa kwenye siti yako mpaka unafika. Kurudi je? Unapanda treni Amsterdam, unashuka Brussels na mabegi yako, unapanga foleni ya ukaguzi, unapanda treni nyingine. Reli ni ileile, bahari ni ileile. Kilichokosekana ni makubaliano ya kuwaweka maofisa wa Uingereza kwenye stesheni za Uholanzi. Makubaliano yalipokamilika, Oktoba 2020, safari ya kurudi ikawa moja kwa moja. Halafu Juni 2024 hadi Februari 2025 ukarabati wa stesheni ya Amsterdam ukaondoa nafasi ya ukaguzi, na abiria wa kurudi wakaanza tena kushuka Brussels. Kumbe chumba chenye meza chache kinaweza kuwa kirefu kuliko handaki la kilomita 50.

Mfano mwingine ni Ashford. Huu ni mji wa Kent, Uingereza, jirani kabisa na mdomo wa handaki. Mwaka 1996 walijengewa stesheni ya kimataifa ili nao wapande treni ya Paris mlangoni kwao. Tangu 2020 treni za Eurostar hazijasimama pale. Mkazi wa Ashford anayetaka kwenda Paris anapanda treni kwanza kwenda London, kinyume na anakokwenda, anakaguliwa, halafu anapita tena Ashford kwa kasi akichungulia mji wake dirishani. Uviko ulianza, halafu ukaja ukaguzi mzito baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, na kampuni ikaona bora kukusanya abiria wote stesheni kubwa. Handaki limebaki palepale, wala halijasogea hata sentimita. Mpaka ndio umesogea.

Wa tatu ni Øresund, kati ya Denmark na Sweden. Kivuko kile, daraja pamoja na handaki la kama kilomita nne, kilifunguliwa Julai 2000. Watu wakazoea kulala Malmö na kufanya kazi Copenhagen, kama sisi tunavyolala Mbagala na kufanya kazi Posta. Januari 2016, wakati wakimbizi wengi wakielekea Sweden, serikali ya Sweden ikaamuru kampuni za usafiri zikague vitambulisho vya kila abiria anayekwenda huko. Abiria wakawa wanashushwa stesheni ya uwanja wa ndege wa Kastrup kuonyesha vitambulisho. Watu waliopanga maisha yao yote, nyumba, kazi na shule za watoto, kwa kuamini reli ile, wakajikuta kwenye foleni kila jioni. Agizo hilo liliondolewa Mei 2017.

Hapa nisiwadanganye wadau. Ninaposema mkataba unafungua njia, lazima niseme pia unamfungulia nani. Mimi nilipita kwa sababu nilikuwa na viza mbili, na kila mwenye pasipoti yetu anajua viza mbili maana yake nini: taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole. Agosti 2015 mwanamume mmoja wa Sudan aliingia handakini upande wa Ufaransa akatembea kwa miguu, gizani, treni zikimpita kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, karibu urefu wote, akakamatwa akiwa amekaribia Folkestone. Alishitakiwa kwa sheria ya mwaka 1861 ya kuzuia treni. Baadaye alipewa hifadhi Uingereza. Handaki ni lilelile nililopita mimi nikitafuta samaki. Kwa hiyo nikisifia utaratibu wa Wazungu hawa, nasifia ufundi wake. Haki yake ni mjadala mwingine, na siku moja tutaufanya hapahapa.

Sasa basi, kwa nini mambo haya ya Ulaya yananikosesha usingizi mimi Mbongo?

Kwa sababu ya babu yangu. Alikuwa mtu wa reli, kazi yake ilikuwa Kahe, pale Moshi, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kahe ndipo reli ya Tanga na Moshi ilipokutana na reli inayotoka Voi, Kenya, kupitia Taveta. Reli ile ilijengwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza likija kupigana na Wajerumani. Unaona? Kwetu ile hofu ya Wolseley ilitokea kweli, reli ilikuja kama njia ya jeshi. Lakini vita vikaisha na reli ikabaki ya watu. Dada yake babu aliolewa Voi. Babu alikuwa akisema kwenda kumsalimia dada ilikuwa ni kupanda treni tu, na kuku wa zawadi chini ya kiti.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka ukafungwa mpaka 1983. Shirika la reli likagawanywa vipande, kila nchi na mabehewa yake. Dada yake babu alifariki ndani ya miaka hiyo. Habari zilimfikia babu baada ya miezi, kwa mdomo wa mtu aliyepita njia za panya. Hakumzika. Mpaka anakufa babu yangu hakuwahi kumlaumu Mkenya wala Mtanzania. Alikuwa anasema neno moja tu: "Reli ilikuwepo."

Reli ilikuwepo! Kutoka Kahe mpaka Voi ni kama kilomita 150. Hakuna bahari. Kuna mkonge, kuna vumbi jekundu, kuna tembo wa Tsavo. Wala hakuna cha kutoboa. Na mpaka leo huwezi kupanda treni ya abiria Tanzania ukashuka Kenya.

Msiniambie sisi hatuwezi. TAZARA tuliiweza. Makubaliano na China yalisainiwa 1967, ujenzi ukaanza 1970, ukakamilika 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Nilipokuwa chuo nilisafiri nayo. Tulipofika Tunduma maofisa wa uhamiaji wakapanda humo humo kwenye behewa, kwanza wetu, halafu upande wa Nakonde wakaja wa Zambia, na wabadilisha fedha katikati yao wakipiga kelele za kwacha. Hata barabarani tumeshajifunza. Holili na Taveta, na pale Namanga, kuna vituo vya pamoja, maofisa wa nchi mbili ndani ya jengo moja, unakaguliwa upande mmoja tu. Si wazo lilelile la St Pancras? Tunalo tayari, tumelipa basi na lori, tumeinyima treni.

Na wakati ndio huu. Kenya walizindua SGR yao ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na inasimama Voi. Yetu ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Mwaka 2025 ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ulizinduliwa. Geji ya Kenya na ya kwetu ni moja, milimita 1,435. Yetu ni ya umeme, yao ni ya dizeli, lakini hilo nalo si kisingizio. Treni za kwanza za Eurostar zilitumia umeme wa aina tatu tofauti, wa Uingereza, wa Ufaransa na wa Ubelgiji, kwa kubadilisha njiani. Mafundi hawajawahi kushindwa na jambo kama hilo.

Najua mtu atasema Ulaya wana hela. Handaki lile lilijengwa kwa hela za watu binafsi, gharama zikapanda kwa asilimia kama 80 juu ya makadirio, na wanahisa wa mwanzo wakalia. Hela ni tatizo kwa kila mtu. Na mwingine atasema usalama, wahamiaji haramu, magendo. Ndugu yangu, hayo ndiyo aliyosema Wolseley, na yakawagharimu miaka 104. Mtu wa magendo hasubiri treni yenye ratiba na ukaguzi. Ana njia zake za panya, zilezile zilizomletea babu yangu taarifa ya msiba.

Nasi waandishi tuna lawama. Kila reli ikizinduliwa tunaandika kilomita, matrilioni na kasi ya treni. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo, tena zaidi ya mara moja. Nani aliuliza: ikifika mpakani itasimama au itapita? Abiria atakaguliwa ndani ya behewa au atashuka na mabegi usiku? Tiketi moja au mbili? Dereva atabadilishwa? Miji midogo ya njiani, akina Ashford wa kwetu, itasimamiwa au itapitwa? Mkataba wa mambo hayo uko wapi, na umesainiwa na nani? Maswali haya hayana picha nzuri ya ukurasa wa mbele, lakini ndiyo yanayoamua kama reli ya Burundi itakuwa ya watu au ya mizigo tu, na kama ya Kahe itabaki hadithi ya babu.

Nimejiwekea nadhiri: uzinduzi ujao nikipewa nafasi ya swali moja, sitauliza kasi. Nitauliza karatasi. Na nyie mkinisoma gazetini nimerudi kwenye kilomita na matrilioni, nikumbusheni hapa, msinionee haya.

Yule kijana wa dawati la michezo nimemwambia ukweli kwamba hakuna samaki. Ameumia kidogo. Halafu akaniuliza, "Sasa kaka, kama ni giza tupu, raha yake nini?" Nikamwambia raha ni kushuka ng'ambo ukakuta bado ni asubuhi, na mtu wako anakusubiri stesheni.

Je, nani kati yenu ana ndugu ng'ambo ya mpaka ambaye zamani alifikiwa kwa treni? Nipeni hadithi zenu. Nawakilisha.